Anaitwa "mwenye afya", lakini kiti kinamshinda: unene, udhaifu wa uzeeni na presha

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, habari za jioni. Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia katika kliniki za presha na kisukari mkoani Kilimanjaro kabla ya kustaafu. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya neno moja la Kiswahili ambalo limetupotosha mno tunapowatazama wazee wetu, nalo ni "afya". Tukimwona mama wa miaka sabini mwenye mikono minene na mashavu yaliyojaa, tunasema ana afya, au amenawiri. Tukimwona mwenzake aliyekonda, tunanong'ona kuulizana anaumwa nini. Kwa hiyo linapotajwa suala la mzee dhaifu, picha inayotujia ni ya kikongwe aliyebaki ngozi na mifupa, anayejikongoja na fimbo yake, na mzee mnene hatumhesabu kabisa. Wengi ninaowakumbuka mimi, walioanguka bafuni, wakavunjika nyonga na wasiinuke tena, walikuwa wanene na walikuwa na kadi ya kliniki ya presha.

Kwanza tuelewane kuhusu udhaifu wenyewe, kwa sababu si jina jingine la uzee. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake huko Marekani, wakitumia takwimu za watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliweka dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka kupita kiasi, kushindwa kukaza mkono kwa nguvu, kutembea polepole, na kupunguza shughuli za mwili. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu, na mwenye moja au mbili yuko njiani kuelekea huko. Maana yake ni kwamba akiba ya mwili imekwisha: malaria, kuharisha kwa siku mbili au dawa mpya, mambo ambayo mzee mwingine wa umri huohuo angeyavuka na kurudi shambani, humwangusha huyu moja kwa moja.

Sasa itazameni dalili ya kwanza katika orodha hiyo. Mzee mnene hana kawaida ya kupungua uzito, kwa hiyo anaipita bila kunaswa. Pengine misuli yake inanyauka mwaka hadi mwaka huku mafuta yakichukua nafasi yake, mengine yakipenya hata ndani ya msuli wenyewe, na mizani inasoma kilo zilezile 88 za miaka kumi iliyopita. Kwa mtu wa namna hiyo mizani haisemi uongo, ila imeulizwa swali lisilofaa. Miguu yake ni kama injini ya bajaji iliyofungwa kwenye lori: ni dhaifu kama ya yule aliyekonda, lakini mzigo inaoubeba ni mara mbili.

Presha inaingiaje hapa? Mafuta ya tumboni hayakai kimya. Huzizonga figo, hutoa kemikali zinazobana mishipa ya damu na kuufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na huichochea mishipa ya fahamu inayouendesha moyo mbio. Mwenye shingo nene anayekoroma hadi pumzi ikakatika usiku hupandishwa presha na kukoroma huko pia. Ongezeni ugumu wa mishipa ya damu unaokuja na umri, ambao huipandisha namba ya juu wakati ile ya chini inabaki au inashuka, na mtaona kwa nini jambo hili ni la watu wengi. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, hukohuko Kilimanjaro, kwa watu zaidi ya 2200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea ulikuta takribani saba kati ya kumi wana shinikizo la juu la damu, wengi wao bila kujua. Hao walikuwa watu wa vijijini, wengi wao wakulima, wala si wakazi wa Oysterbay, mtaa wa matajiri wa Dar es Salaam.

Ninawakaribisha tujadili. Nitaomba tu mtu asiagize dawa za mzee wake kupitia uzi huu.

Mwana wa Pangani

Shikamoo mama. Nashukuru kwa uzi huu, na ninaomba nieleze yaliyotukuta nyumbani. Mama yetu ana miaka 74, na mwaka jana alikuwa na kilo 92. Aliambiwa kliniki kwamba apunguze uzito kwa sababu ya presha na magoti, maelezo yakaishia hapo. Sisi watoto tukalichukua jambo hilo kwa bidii: tukaondoa wali, tukapunguza ugali, nyama na samaki tukasema vina mafuta, akawa anashindia uji mwepesi, matunda na mboga za majani. Katika miezi mitano alipungua kilo 11, na kila aliyekuja kumtembelea alimpongeza. Tatizo ni kwamba sasa hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono, ameanguka bafuni mara mbili, na akisimama anasema anaona giza. Dawa zake tatu za presha anaendelea nazo kama zamani. Je, kupungua uzito kumemsaidia au kumemdhuru?

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole. Ninyi hamkukosea kwa nia, mlipewa nusu ya agizo.

Mtu anapopungua kwa kubaniwa chakula peke yake, hapungui mafuta tu. Kuna jaribio lililoongozwa na Dennis Villareal nchini Marekani, likachapishwa mwaka 2011, ambalo nililisoma mara nyingi nilipokuwa nikiwafundisha wauguzi vijana, kwa kuwa lilichagua watu wa aina ya mama yako hasa: wanene wenye umri wa miaka 65 na zaidi ambao tayari walikuwa na udhaifu. Walikuwa 107, wakafuatiliwa kwa mwaka mzima katika makundi manne: wa chakula peke yake, wa mazoezi peke yake, wa vyote viwili, na wasiobadilishiwa kitu. Waliopunguziwa chakula peke yake walipoteza asilimia 10 ya uzito, na waliounganisha vyote viwili walipoteza asilimia 9, yaani kwenye mizani huwezi kuwatofautisha. Lakini uwezo wa mwili, unaopimwa kwa vitendo kama kupanda ngazi, kuinuka kitini na kuvaa koti, ulipanda kwa asilimia 21 kwa waliounganisha, 15 kwa wa mazoezi na 12 kwa wa chakula. Tena wa chakula peke yake walipoteza asilimia 5 ya nyama ya mwili isiyo mafuta na asilimia 3 ya msongamano wa madini katika mfupa wa nyonga, wakati waliounganisha walipoteza asilimia 3 na 1.

Mtaona kwamba hata wa chakula peke yake walipata nafuu, kwa hiyo sisemi kupungua ni kosa. Watu wale, hata hivyo, walipangiwa mlo na wataalamu, walipewa protini ya kutosha, na upungufu wao ulikuwa wa taratibu. Uji mwepesi na matunda ni habari nyingine kabisa. Wataalamu wengi wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 ya protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima daktari wake aseme. Rudisheni samaki, dagaa, mayai, maharage, kunde, choroko na maziwa, na mgawanye katika milo yote mitatu badala ya kumpa kitoweo usiku tu. Kinachopaswa kupungua ni sukari ya chai, maandazi na vitumbua vya asubuhi, mafuta ya kukaangia, soda, na ule mlima wa wali.

Jambo la pili ni la haraka zaidi. Mtu akipungua kilo 11, presha yake kwa kawaida hushuka, na dawa alizopewa akiwa na kilo 92 huenda sasa zimezidi. Kuona giza anaposimama ndiyo dalili yenyewe. Mpelekeni kliniki wiki hii, msisubiri tarehe ya kadi, na mwombe apimwe akiwa amelala au amekaa kwa dakika tano, kisha apimwe tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ni presha ya kushuka wakati wa kusimama, na daktari atapitia dawa moja baada ya nyingine. Msimkatishe dawa ninyi wenyewe. Chukueni dawa zote zilizomo nyumbani, zikiwemo za maumivu na za mitishamba, mzitie kwenye mfuko mmoja mwende nazo.

Mfamasia wa Mtaani

Ninaomba niongeze kwenye huo mfuko wa dawa, kwa maana ndipo ninaposhinda kila siku. Mzee mnene karibu kila mara ana magoti yanayouma, na mwenye magoti yanayouma karibu kila mara anatumia diklofenaki au ibuprofeni, aliyojinunulia au aliyotumiwa na mtoto wake kutoka mjini. Dawa za kundi hilo huufanya mwili ushike chumvi na maji, kwa hiyo presha hupanda. Mzee anarudi kliniki, namba ziko juu, na kwa kuwa hakuna aliyemwuliza kuhusu magoti, anaongezewa dawa nyingine ya presha. Akiwa tayari anatumia dawa za presha kama losartani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza, ile diklofenaki inakuwa ya tatu katika mchanganyiko unaoweza kuziumiza figo vibaya, hasa siku anayoharisha au asiyokunywa maji. Kwa magoti, parasetamoli kwa kipimo sahihi au dawa ya kupaka huwa salama zaidi.

Kuna pia mnyororo mwingine ninaouona: amlodipini, dawa ya presha, humvimbisha mzee miguu, anapewa frusemidi, dawa ya kukojoza, kwa ajili ya uvimbe, frusemidi inampeleka chooni usiku mara tatu, na choo kiko nje. Mifupa mingi imevunjikia kwenye njia hiyo kati ya chumba na choo.

Mwanzisha uzi

Mfamasia amesema jambo ambalo lingestahili uzi wake. Kuhusu choo cha usiku ninaongeza kwamba kubadilisha saa ya dawa, kuweka taa na kumpa mzee ndoo yenye mfuniko chumbani kuna heshima zaidi kuliko kumvunja nyonga. Wazee wengi hukataa ndoo kwa aibu, na mwenye kuwaeleza vizuri ni binti au mjukuu wa kike, kwa lugha ya utani.

Mkereketwa

Samahani, mimi ninatofautiana nanyi. Wazazi wetu walijua kwamba presha ya kawaida ni mia moja ukijumlisha na umri. Mzee wa miaka 80 akiwa na 180 ni sawasawa. Ninyi wataalamu mnamshusha hadi 130, anaanguka, halafu mnasema ni udhaifu. Na unene ule ndio akiba yake, akiugua anaishi kwa hiyo akiba. Waacheni wazee wale wanachopenda.

Mwanzisha uzi

Ndugu Mkereketwa, hoja yako nimeisikia kwa madaktari pia, siyo mitaani tu, na sitaipuuza.

Kanuni ya mia na umri ilizaliwa kwa kuwatazama wazee wengi na kuona kwamba namba inapanda kadiri miaka inavyokwenda. Hilo ni kweli, lakini jambo kuwa la wengi hakulifanyi kuwa salama. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio la HYVET, lililowahusisha watu 3845 wenye umri wa miaka 80 na zaidi ambao namba yao ya juu ilikuwa 160 au zaidi. Nusu walipewa dawa, lengo likiwa kufikia 150 kwa 80, na nusu vidonge visivyo na dawa. Lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu vifo katika kundi la dawa vilikuwa vimepungua kwa asilimia 21 na moyo kushindwa kazi kwa asilimia 64. Halafu likaja SPRINT huko Marekani, ambalo mwaka 2016 lilitoa matokeo ya watu 2636 wenye umri wa miaka 75 na zaidi: walioshushwa kwa lengo la chini ya 120 walipata mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vichache kwa takribani theluthi moja kuliko walioachwa kwenye lengo la chini ya 140, na faida hiyo ilionekana hata kwa wale waliohesabiwa kuwa dhaifu.

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu kuna mahali ambapo wewe uko karibu na ukweli. SPRINT haikuwachukua wenye kisukari, waliowahi kupata kiharusi, wala wanaotunzwa katika nyumba za wazee. Waliokuwemo, pamoja na udhaifu wao, waliweza kufika kliniki kwa miguu yao. Tena walipimwa wakiwa wamepumzika, kwa mashine, chumba kikiwa kimya. Kwetu mzee anashuka kwenye bodaboda, anapanda ngazi, anakaa foleni ya saa tatu akizozana na aliyemruka, kisha anapimwa huku anaulizwa maswali. Kuichukua namba hiyo na kuilinganisha na 120 ya SPRINT ni kumwonea. Kwa mzee asiyeweza kujiogesha, aliyepoteza kumbukumbu, au anayeanguka anaposimama, lengo hulegezwa, na daktari mzuri hupunguza dawa bila kuona haya. Udhaifu basi ni sababu ya kumpima kwa uangalifu zaidi, lakini 180 haiwi salama kwa sababu mwenye nayo ana wajukuu wengi.

Kuhusu akiba, ni kweli kwamba mzee aliyenenepa kiasi mara nyingi huvuka ugonjwa kuliko mzee aliyekonda sana, ndiyo maana simshauri mtu wa miaka 80 mwenye kilo chache za ziada kuanza kujinyima. Ninayemzungumzia ni yule ambaye unene wake tayari umemfunga kitini. Akiba ya kuvukia ugonjwa ni msuli, na msuli ndio aliokosa.

Dada wa Nyali

Shikamoo mama, mimi niko Mombasa na ninamtunza baba mkwe wangu. Ana mikono minene sana, na kila kliniki presha yake inasoma juu ya 160, lakini mashine ya jirani inasoma 140 na kitu. Tumwamini nani? Na hapa nyumbani tunaweza kupima huo udhaifu kwa namna gani?

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Tazameni kwanza mkanda unaofungwa mkononi. Mkanda wa kawaida ukifungwa kwenye mkono mnene husoma presha kubwa kuliko iliyopo. Jaribio lililofanyika Baltimore na kuchapishwa mwaka 2023 lilionyesha kwamba wenye kuhitaji mkanda mpana kabisa, wakipimwa kwa ule wa kawaida, namba yao ya juu huzidishwa kwa karibu 20. Hebu fikirieni ni wazee wangapi wanameza kidonge cha nyongeza kwa sababu ya mkanda mfupi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzingo wa katikati ya mkono wa juu, kisha soma vipimo vilivyoandikwa kwenye mkanda wenyewe. Ukizidi, omba mkanda mkubwa. Mahali nilipofanya kazi tulikuwa na mmoja kwa kliniki nzima, na kwa miezi kadhaa ulikuwa umefungiwa kabatini na aliyekuwa na ufunguo yuko likizo.

Udhaifu mnaweza kuuchungulia kwa kiti. Egesha kiti kigumu kisicho na mikono ukutani, mzee akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano kwa haraka awezavyo, nawe usimame karibu naye. Akizidisha sekunde 15, nguvu ya miguu imepungua. Kisha pima mita nne sakafuni umwache atembee mwendo wake wa kawaida; sekunde tano au zaidi ni mwendo wa kutiliwa shaka. Watafiti wa kule Hai walikwenda mbali zaidi wakaandaa kipimo kifupi kinachoyafaa mazingira ya Tanzania, lakini kwa nyumbani kiti na mita nne vinatosha kukupa cha kumweleza daktari.

Kiti hichohicho ndicho mazoezi. Aanze na kuinuka mara tano asubuhi na jioni, aongeze taratibu. Asukume ukuta kwa mikono. Anyanyue chupa za maji za nusu lita. Atembee uani kila siku. Asizuie pumzi anapoinuka, kwa kuwa kujikaza huku amebana pumzi huirusha presha juu, bali aitoe pumzi wakati wa kujiinua. Ikiwa presha imefika 180 kwa 110 amekaa tu, au ana maumivu ya kifua, mazoezi yasubiri daktari.

Mwana wa Pangani

Mama, tumerudi kutoka kliniki. Amekaa, namba ya juu ilikuwa 138. Aliposimama ikashuka hadi 108. Daktari amemwondolea dawa ya kukojoza na kuacha mbili, na anamtaka tena baada ya wiki mbili. Kwenye mfuko wa dawa tulikuta diklofenaki ambayo hakuna aliyejua nani aliileta. Jana amekula dagaa na mayai. Ila kiti kimemshinda: ameinuka mara mbili tu, ya tatu akakaa na kuanza kulia.

Mwanzisha uzi

Mwekee mito miwili imara kwenye kiti hicho, ili aanzie juu na asilazimike kujivuta kutoka chini, na mruhusu aegemee meza kwa mkono mmoja. Mara mbili ni mwanzo wa kuandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Akizoea kuinuka mara tano bila kuegemea, ondoa mto mmoja. Na ile kilo ya 81 msiishushe tena kwa sasa. Wiki hizi mpimeni presha akiwa amesimama, mizani iwekeni chini ya kitanda.